Mfuko wa Kulia

Kila Jumamosi usiku nilishona mfuko uleule,
wa kulia, pembe ya juu,
pale mkono wa mchimbaji unapochovya na kuchovya
nyundo ndogo, msumari, kipande cha mshumaa.
Uzi niliupaka nta, nikaukata kwa jino,
naye Jory anakoroma, buti zake mlangoni
zikitema maji ya mgodi sakafuni.
Jumatatu mfuko mzima.
Jumatano mdomo wazi.

Siku moja ulifumuka langoni,
mbele ya msimamizi Haskell na daftari lake,
jiwe likadondoka: jeupe, dogo kuliko yai la njiwa,
lina uzi wa dhahabu ubavuni.
Wiki tano bila mshahara.
Grass Valley nzima ikanong'ona habari za mwizi.
Mimi nililaumu uzi.

Ndipo nikapanda dukani kwa Bibi Odell,
nikatoa pesa ya kuku watatu na shuka la harusi yangu
kwa suruali moja ya buluu, nzito kama mlango,
iliyotoka San Francisco ndani ya kasha,
imepigwa ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko
kama zile za hatamu za farasi.
"Hii," akasema, "itawazika nyote."
Nilicheka. Bei haikunichekesha.

Maji ya kwanza yalitoka wino mtupu.
Beseni buluu, kucha buluu, paka buluu.
Lau Gim, dobi wa kando ya kijito,
alinikuta nikisugua viganja kwa mchanga.
"Igeuze ndani nje," akasema, "tia siki. Usipigane nayo."
Yeye nili ilimfika viwikoni.
Nguo za kambi nzima zilipita mikononi mwake,
na sikumbuki aliyewahi kumwita kwa jina lake lote.

Kanisani ribiti za nyuma zilichora benchi.
Mchungaji akaitazama ile mikwaruzo,
akahubiri juu ya majivuno.
Jumapili iliyofuata Jory akakaa palepale,
akajisugua kidogo, makusudi.

Mfuko haukufumuka.
Ikaja Jumamosi, ikaja nyingine,
nimekaa kando ya taa, mikono mapajani,
sindano imelala katika kimto chake,
na kwa kuwa sikuwa na mshono wa kuhesabu
nikakisikia kifua chake.
Kilikuwa kinakwaruza tangu lini?
Kikulacho ki nguoni mwako,
na mimi ndiye niliyekuwa nakikung'uta uani,
vumbi jeupe, laini kama unga wa mkate,
nikipiga chafya, nikidhani ni uchafu tu.

Daktari alikuja mara mbili.
Hakuwa na ribiti ya pafu.

Sasa suruali inaning'inia nyuma ya mlango.
Magoti yake bado yamekunjika
kama ya mtu anayepanda ngazi.
Digory wangu ana miaka kumi na minne.
Ameijaribu mbele ya dirisha, amekunja miguu mara tatu,
anasema Haskell anaandika majina Jumatatu.
Sikumjibu. Niliingiza mkono mfuko wa kulia
na chini kabisa, konani, chini ya vumbi,
nikakuta jiwe lingine.

Nikatafuta nta, uzi wa katani, sindano nene.
Nimeushona mdomo wote, jiwe likiwa ndani,
mishono midogo, imebanana,
kutoka ribiti hadi ribiti,
na jino lile lenye ufa limekatikia kwenye uzi.

Digory alisimama akinitazama mpaka nikamaliza.
Kisha akaipokea, akaipangusa kwa kiganja.
"Mama," akasema,
"bado kuna wa kushoto."