Kisanduku cha Tano

Ofisi ya mwalimu mkuu, Kitangari, Desemba.
Benchi lina mguu mmoja mfupi
na Shaweji ameshaugundua:
aegemee huku, aegemee kule, ko, ko, ko,
hata Mwalimu Hokororo akaacha kuandika.

"Jina lake analijua?"
Analijua. Haliitikii tu.
"Anahesabu?"
Nikamwambia: msimu ulipofunguliwa
alipanga korosho sakafuni, kutoka mlangoni hadi jikoni,
zote migongo kaskazini.
Niliisogeza moja kwa kidole cha mguu, bahati mbaya,
akalia mpaka adhana ya alasiri.
Sijui kama huko ni kuhesabu.

Akanieleza njia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzieleza:
kuna kitengo Masasi, na bweni, na walimu waliosomea,
vitanda vimejaa, ila jina litaandikwa;
kuna darasa la hapa, watoto mia na saba, mwalimu mmoja;
na kuna nyumbani. "Wengi huchagua hiyo,"
akasema, akatazama dirishani.

Masasi. Nani atajua huko
kwamba uji ukishika utando haunywi,
kwamba lebo ya shati shingoni kwake ni kaa la moto?
Hapa kengele ni rimu ya lori:
ikigongwa ataziba masikio, atakimbilia shimo la taka.
Na nyumbani, Somoe alishaniambia usiku, taa imezimwa:
"Mimi si ukuta, baba Shaweji."

Fomu ikaja. Aina ya ulemavu:
macho, masikio, viungo, akili.
Kalamu ikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Korosho nazo zina madaraja, nikasema,
lakini hata ghalani huzipasua kwanza, wazione ndani.

Mwalimu hakucheka.
Akachora kisanduku cha tano, kwa mkono,
pembeni akaandika: usonji.
Kikakaa upande, kama kibanda kilichopigwa na mvua.

Ndipo ko, ko ikanyamaza.
Shaweji akashuka, akachukua rula mezani bila hodi,
akakichora upya juu ya kile cha mwalimu,
pembe nne, hakuna iliyoponyoka,
akarudi kwenye benchi lake.

Mwalimu akaisukuma rula kwetu.
"Januari aje nayo.
Ya rimu nitazungumza na mlinzi.
Na Masasi jina libaki. Hatujui."

Hatujui. Nikaweka sahihi.
Ko, ko.