Pambizoni

Kwetu Mkomani mtoto hujifunza kuapa
kabla hajajua kufunga kikoi.
Ukivunja kikombe huulizwi kwa nini,
huulizwa: nani alikuona?
Wasipopatikana wawili, tena waadilifu,
basi kikombe kimejivunja chenyewe
na chai inaendelea.

Babu mzaa babu, Sheikh Bwanamkuu bin Famau,
alihukumu barazani, mguu mmoja kiatuni, mmoja nje,
maana, alisema, hakimu aliyestarehe husikia nusu.
Mwanawe akawa karani wa liwali, akagonga mihuri
hadi kidole gumba kikageuka zambarau.
Alizikwa nacho hivyo hivyo, hakikutakata.
Baba ndiye wa kwanza kuvaa joho.
Lilitundikwa ukumbini, linanuka udi na dawa ya nondo,
nasi watoto tulikatazwa kulipa mgongo.
Nami Zuwena ni wa nne,
wa kwanza kubana ushungi kwa pini juu ya ukosi mweupe.

Watu wakipita chini ya wikio letu hushusha sauti,
kama kwamba kuta zetu zinaandika.

Juzi akaingia ofisini Mwanasiti wa Kipungani,
vidole vimechanwachanwa na ukindu.
Hakukaa.
Kuna minazi kumi na miwili, akasema,
na kuna mtu wa hoteli amekuja na msumeno.
"Ardhi walituambia si yetu. Haya.
Lakini minazi alipanda Tabu binti Mabruki,
bibi yake bibi yangu,
akainywesha mmoja mmoja kwa kata.
Kata tunayo. Imetoboka, lakini tunayo."

Nikamuuliza kama tunavyouliza kwetu: shahidi?
Akacheka, kicheko kifupi, kama mlango unaokwama.
"Hilo ndilo alilouliza babu yako."

Usiku nikafungua kasha.
Mchwa walikuwa wamekula miaka saba ya mirathi,
talaka zote za mwaka wa njaa,
kesi ya punda aliyeuzwa mara mbili.
Ukurasa huu hawakuugusa. Sijui kwa nini.
Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiamu, wino wa masizi:
*Mdai ni Tabu, aliyekuwa wa watu.
Hana shahidi. Dai limeanguka.*
Mistari mitatu. Hata ya punda ilikuwa na kumi na minne.

Na pambizoni, kwa wino mwingine,
kwa mkono wa mzee unaotetemeka:
*Nalipita njia ile kila alfajiri.
Nalimuona akimwagia.*

Nikaketi na daftari mapajani
mpaka adhana, taa ikizima na kuwaka.
Mtu anaweza kujua, kumbe,
akalijua jambo miaka yake yote,
akalipa nafasi ya upana wa kidole
kando ya karatasi.

Baba alisoma mara mbili.
Akavua miwani, akaifuta, nayo haikuwa na vumbi.
"Hii si nyaraka ya mahakama."
Hapo aliyesema ni wakili.
Mama akaita kutoka jikoni, "Ndooni mule, mkate wapowa,"
hakuna aliyeinuka.
Akasoma tena, safari hii midomo ikicheza,
kama anayesoma barua ya mzazi aliye mbali.
"Watatucheka hadi Langoni," akasema.
Kisha, baada ya muda mrefu sana:
"Lakini mwandiko naujua.
Ndio ulionifundisha alifu."

Jumatatu nikasimama mbele ya hakimu,
nikaomba kumwita shahidi wa mwandiko.
Mwanasiti alikuwa nyuma, kata mapajani,
ameifunga kwa leso kama mtoto mchanga.
Karani akauliza jina la shahidi. Nikalitaja.
Akainua macho: "Si ndilo lako?"
"Andika," nikamwambia.

Baba akapanda kizimbani bila joho.
Miaka arobaini ndani ya chumba kile,
na hakujua pa kuiweka mikono.