Biskuti Sita

Nilikuwa mshika kalamu siku ile,
kazi yangu kujumlisha alama, si kuonja.
Uwanja wa kanisa, Santa Inés Atoyatla,
masufuria kumi na tisa juu ya meza za kukodi
na nzi, wasioalikwa, wakitangulia kutoa hukumu.

Jaji alitoka Puebla mjini, Don Baldomero,
shati limepigwa pasi hadi likakakamaa,
kijiko chake mwenyewe ndani ya kikasha cha ngozi.
Alisema anatafuta mole ya asili, asili kabisa,
na kila aliposema "asili" alifumba macho
kama mtu anayemeza kidonge.

Sufuria ya saba ilikuwa ya mavyaa wangu.

Mavyaa, Crescencia. Nitamsifuje bila kutia chumvi?
Miaka kumi na mmoja amezitazama tortilla zangu za ngano
(kwetu Sonora ngano ndiyo mlo, ndiyo heshima),
akazigeuza kwa ncha ya kidole, huku na huku,
akaniuliza: "Na chakula kiko wapi?"
Kwake tortilla ni mahindi yaliyolala usiku kucha
ndani ya maji ya chokaa, yakaamka yamevua maganda,
yakasagwa kwa jiwe aliloachiwa na mama yake,
jiwe ambalo mimi siruhusiwi hata kuliosha.

Basi Don Baldomero akaonja. Akafumba macho. Akafumbua.
"Kuna kitu humu," akasema. "Kitamu. Cha dukani."
Mavyaa hajui kusema uongo, ndiyo dhiki ya kuishi naye.
"Biskuti sita," akajibu. "Za vanila. Nazisaga pamoja na ufuta."
Mpiga tarumbeta wa bendi akaondoa mdomo kwenye shaba.
"Mole ya asili haina biskuti," akasema jaji,
kisha akanigeukia: "Andika sifuri."

Nikashika kalamu.
Mbele yangu ilikuwepo orodha yake ya viungo halali:
ufuta, mdalasini, karafuu, pilipili manga, lozi, zabibu kavu.
Nikaisoma kama orodha ya abiria.
Karafuu, uliteremka bandari gani?
Mdalasini, nani alikugongea muhuri?
Hata kitunguu, hata nguruwe
ambaye mafuta yake yamekaangia haya yote
alikuja kwa merikebu, akitapika njia nzima.
Wenyeji hasa wachache: pilipili, nyanya, kakao,
na bata mzinga, ambaye hakuulizwa.

Na zile biskuti?
Hizo najua zilikotoka.
Mwaka ule peso ilipoporomoka, lozi zikawa dhahabu,
bavyaa yuko Chicago anaosha sahani za watu,
pesa mwezi huu zinakuja, mwezi ule kimya.
Arusi ya bintiye mkubwa ilikuwa Jumamosi.
Kabatini paketi moja tu, ya mtoto mdogo wa mwisho.
Mtoto huyo sasa ni mume wangu.
Alilia, wanasema, hadi kengele za misa zikamshinda.
Wageni walikula, wakalamba vidole, wakaomba tena.
Tangu hapo lozi ziwepo, zisiwepo,
biskuti ni sita.

Niliandika sifuri. Sina ushujaa wa kusimulia.
Ila mkono uliiandika kubwa mno, nene, imejaa,
ikavuka mstari wa sufuria ya nane.

Jioni tulirudi na sufuria nusu. Mahindi yameisha.
Mavyaa alikaa kigodani, viatu mkononi,
havivai wala haviweki chini.
Nikakanda unga wa ngano. Sikuomba ruhusa.
Ya kwanza ikavimba juu ya chuma, ikashika madoa ya kahawia.
Akaichana, akaichovya, akatafuna muda mrefu
akiutazama ukuta.

"Chumvi," akasema mwishowe, "imepungua."

Akanyoosha mkono kwa ya pili.