Kinga

Jina langu Mujinga. Cheka kwanza, nitasubiri.
Ofisa wa uhamiaji alicheka, kisha akaona haya,
akaligongea muhuri taratibu
kama anayemfunika mgonjwa shuka.
Kwetu Lubumbashi, Mujinga ni mtoto
aliyezaliwa kitovu kimejizonga shingoni
na bado akalia.

Siku za kazi ni karani wa mizigo, Kurasini.
Nahesabu shaba iliyotoka kwetu juu ya malori,
yenye makaratasi mengi kunishinda.
Jioni natandaza gazeti la jana sakafuni, chumbani Keko,
naupaka mnyororo oili, kiungo baada ya kiungo,
na mwenye nyumba, akipita, huguna:
"Ungekuwa na mume ungemsugua hivyo?"
Namjibu mume hapandi Pugu.

Jumamosi, saa kumi na nusu alfajiri,
nashusha ngazi za ghorofa tatu,
baiskeli begani, tyubu ya akiba shingoni.
Tuko tisa, na pampu moja.
Mwanahawa ametoka zamu ya usiku wodini,
harufu ya dawa bado mikononi.
Shomari kavaa kofia ya ujenzi, ya njano,
anasema kichwa ni kichwa, hata kikianguka na nondo.
Bodaboda wa Tazara hawajatuzoea:
"Dada, unateseka bure! Panda huku, buku tu!"

Gongo la Mboto tunapita taa zikiwa bado zinawaka.
Kisha kilima.
Mimi huwa wa mwisho. Si unyenyekevu.
Mapafu yangu yalilelewa na Juni kavu ya baridi;
hewa ya Dar haivutwi, inanywewa.
Nanyanyuka juu ya pedeli, nakaa, nanyanyuka,
jasho linaingia jichoni, naligeuza kuwa hesabu:
mti ule, bango lile, yule mbuzi.
Mbuzi anahama. Naanza upya.

Juzi, Barabara ya Mandela, foleni imelala,
nikipenya katikati ya malori nikitoka kazini,
dereva mmoja akashusha kioo:
"Ya mama! Kinga gani hii, nyembamba hivi?"
Nusura nitumbukie mtaroni.
Kinga.
Miaka mitatu sijalisikia ila simuni, kwa mama,
akiuliza kama nakula, na kama kinga iko muzima.
Kwetu kinga ni baiskeli, basi.
Hapa kinga ni chanjo, ni chandarua,
ni bora kuliko tiba, lasema bango la hospitali,
nami naliamini kwa Kiswahili vyote viwili.
Nikamwambia huenda Pugu, hadi Kisarawe.
"Na kisha?"
Kisha narudi.
Akapiga usukani kwa kucheka.
"Unaenda ili urudi! Dada, hiyo safari gani?"
Foleni ikasogea kabla sijapata jibu, au jina lake.

Nyuma ya mlango nina daftari la kilomita.
Nimeshafika Lubumbashi, nikarudi, nikafika tena,
bila kuuvuka mto Ruvu.
Kibali kinaisha mwezi wa tisa.
Sijui kama watanihesabia hizo.

Leo tairi la nyuma limetoboka mahali pabaya,
nusu ya kilima, jua limeshachomoza.
Nimeigeuza baiskeli magurudumu juu,
nikaitoa tyubu shingoni,
nikaipuliza kidogo kwa mdomo ipate umbo,
kama anavyofanya mkunga, nadhani,
sijui, sikuwa na macho siku ile.
Mwiba ulikuwa mdogo, mweusi, mkaidi.
Nimeutia mfukoni.
Juu kwenye kona kofia ya njano inang'aa,
na Mwanahawa amekunja mikono kuwa baragumu:
"Mujingaaa! Shuka tukuletee pampu, au unapanda?"
Jina langu limeteremka kilima chote
na hakuna aliyecheka,
hata mwanafunzi aliyekuwa akivuka na ndoo.

Pampu, nimejibu. Leteni pampu.
Na mniwekee chapati.