Siti ya Nyuma

Gari tulilikuta Nyakato, safu tatu.
Muuzaji akasifia injini.
Nyanjige akauliza moja tu:
siti ya nyuma inalala?

Ikalala. Tukatandika turubai,
magunia manne ya dagaa kutoka mwalo wa Kirumba,
harufu isiyojua kushuka.

Jumapili twaiinua. Mapacha huko nyuma,
magoti kidevuni, wanagombea dirisha lisilofunguka;
katikati shangazi, mtoto, ndoo ya maandazi.

Kisha mama akafungwa hogo, paja hadi kisigino.
Siku ya kumtoa Bugando
nikavuta kishikio,
siti ikalala kwa mazoea,
naye akanyooka kimo chake chote,
akanusa:
"Na mimi ni gunia la ngapi?"

"La tano, mama," Nyanjige akasema.
"Usicheke, utatonesha mguu."