Kitufe cha Buluu

Mechi imekwisha, Dortmund imefungwa,
na waliofungwa hunywa kuliko washindi:
Bi Roswitha anaijua hesabu hiyo.
Anapita na kigari chake cha sokoni,
tochi ameifunga kwenye kofia ya sufi,
anaokota makopo kando ya mapipa
pale watu wenye haya huyaacha wima
ili asilazimike kuzamisha mkono.

Asubuhi yuko mbele ya mashine.
Mimi ndiye ninayeifuta bia iliyoikaukia.
Kopo lililopondwa mashine hulitema.
Yeye hulipuliza kama puto,
hulinyoosha kwa kidole gumba, hulirudisha.
Likitemwa tena
huliambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Makopo arobaini na sita, senti ishirini na tano kila moja.
Euro kumi na moja na nusu.
Leo miwani kaisahau nyumbani.
Kitufe cha kijani hutoa risiti,
cha buluu hupeleka yote kwa wasio na chakula.
Akabonyeza cha buluu.

Mashine ikamshukuru kwa herufi kubwa.

Nilikwisha geuka kumwita meneja,
akanidaka mkono; vidole vyake
vinanata kama vyangu.
"Wacha, mwanangu. Kila Alhamisi
napanga foleni yao ya mkate, mwaka wa sita huu,
nachukua ninachopewa, nasema asante."

Akaufunga mfuko mtupu fundo.

"Alhamisi hii nitachagua.
Nataka ule wenye mbegu."