Kura Yangu Ililala

Tusajigwe Mwakalobo. Msimamizi wa uchaguzi
alilitafuna jina hilo kama samaki mwenye miiba,
akalitema vipande vitatu kwenye kipaza sauti,
saa tisa kasoro za usiku, mjini Hull,
makarani wakipiga miayo nyuma ya meza za kukunja.
Mia nane na kumi na mbili.
Kisha Alan Thirsk, mwenye kiti chake miaka kumi na sita:
mia nane na kumi na mbili.

Wakahesabu tena. Wakahesabu mara ya tatu.
Sheria ya huku inasema sare ikigoma kuvunjika
ipigwe kura ya bahati.
Vikaratasi viwili ndani ya kopo la biskuti,
mkono ukazama,
ukaibuka na Thirsk.

Mimi sikuwepo. Nasimulia nilivyosimuliwa.
Nilikuwa nimetoka kiwandani, zamu mbili mfululizo
za kupanga minofu ya chewa juu ya barafu,
nikasema ninyooshe mgongo kidogo,
kituo hakifungwi hadi saa nne usiku.
Nilipofumbua macho ilikuwa saa nne na robo
na viatu ningali navyo.
Asiyekuwepo na lake halipo:
methali hiyo niliiandikia insha shuleni Tukuyu,
nikapata tisini kwa mia.

Naye ni wa kwetu, kilima cha pili tu kutoka kwa mjomba.
Hapa alikuja kuogesha wazee,
miaka tisa, nyumba ya matofali mekundu karibu na reli.
Aliijua migongo ya kata nzima
kabla meya hajalijua jina lake.
Mara ya kwanza kugombea alipata kura mia mbili na tatu;
nusu, alisema, ni za watoto wa wale migongo.
Mara ya pili ni hiyo niliyolala.

Mara ya tatu niliamka alfajiri.
Penseli ya kituoni imefungwa kamba kama mbuzi,
nikaishika kwa vidole vinavyonuka chewa,
nikapiga alama nzito mno, karatasi ikatoboka kidogo.
Nilishinda na wasiwasi kutwa: je, imeharibika?
Akapita kwa kura sitini na nne.
Sikuhitajika. Hilo nalo linauma kwa namna yake.

Jukwaani aliahidi mambo matatu.
Mifereji izibuliwe kabla ya Novemba, maana mji huu
uko chini ya maji hata jua likiwaka.
Basi la mwisho lingoje watu wa zamu.
La tatu likampotea. Akasimama, akacheka,
"Litarudi," akasema, "najua linakoishi."

Kwetu diwani ni mtu, na diwani ni kitabu cha mashairi.
Yeye ni vyote viwili, kwapani ana daftari la buluu:
Mtaa wa Carr, namba tisa, chumba cha mtoto, ukungu.
Namba kumi na nne, ngazi hazina taa, ukungu.
Ishirini na mbili, panya, bibi mmoja peke yake, ukungu.
Beti kwa beti, na kituo hakibadiliki.

Jumanne amefika kwangu, amevua koti,
amepitisha kidole ukutani juu ya kitanda
kile kile nilicholalia. Kidole kimetoka cheusi.
"Hili hapa la tatu," akasema.

Nikaanza: "Dada, mwaka ule wa sare..."
Alikuwa anapima ukuta kwa shibiri zake, midomo inahesabu.
"Tano na nusu. Jina kamili, herufi kubwa, wasije wakasema hawasomi."
Akanipa penseli. Fupi, imetafunwa,
na shingoni mwake
kipande cha kamba kimekatwa.